Maneno ya Kiingereza ya ubabe, ukorofi na uchokozi: yalikotoka na namna ya kuyatenganisha

Mzizi_wa_Neno (mleta uzi)

Wakuu, fungua kamusi nyingi za Kiingereza kwa Kiswahili utafute aggressive, hostile, belligerent, pugnacious na truculent. Utarudishiwa "-gomvi" na "-kali" kwa zamu, imeisha hiyo. Mtafsiri anabaki kubahatisha, ilhali kwa wenye lugha yao maneno haya hayaazimani nafasi: polisi ana lake, daktari ana lake, mwanasheria ana lake. Tuyachambue humu: lilikotoka, lilivyogeuka njiani, linakokaa leo. Wenye ujuzi shusheni nondo.

Nafungua na aggressive. Kilatini kina kitenzi aggredi, kilichoundwa kwa ad, "kuelekea", na gradi, "kupiga hatua". Ni kumwendea mtu. Warumi walikitumia kwa kumshambulia adui, lakini pia kwa kumsogelea mtu ili kusema naye, na hata kwa kuanza kazi. Gradi hiyo hiyo imezaa progress, congress na degree, na pia ingredient, yaani kile kinachoingia kwenye mchanganyiko. Kiingereza kilipopokea aggression kupitia Kifaransa kiliacha msogeo wa amani kikabaki na wa shari. Ila ile hatua ya kwanza haikufa: aggressor ni yule aliyeanza.

Sheria ya kimataifa imelishika neno hapo hapo. Azimio namba 3314 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 14 Desemba 1974, linafafanua aggression, na kifungu chake cha 2 kinaangalia nani ametangulia kutumia silaha kinyume cha Mkataba wa Umoja huo. Mwaka 2010, mkutano wa Kampala ukauongezea Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kifungu cha 8 bis kuhusu jinai hiyo, na Mahakama hiyo ikapata mamlaka juu yake kuanzia 17 Julai 2018. Kwa matini ya aina hii neno letu ni "uchokozi", kwa kuwa mchokozi ndiye anayeanza. Ukiandika "ukali" umeua hoja nzima.

Ukitoka mahakamani mambo yanabadilika. Aggressive tumour ni uvimbe unaokua na kusambaa kwa kasi; hauna nia mbaya wala hasira. Aggressive treatment ni tiba ya nguvu kubwa tangu mwanzo. Na kwenye biashara, hasa kwa Wamarekani, aggressive salesman anaweza kuwa anasifiwa: ni mtu wa kusukuma mambo, hasubiri mteja aje. Mtafsiri anayeweka "muuzaji mgomvi" hapo amemharibia mtu kazi.

---

Kamusi_Hai

Uzi mzuri, mkuu. Naingia na matatu yanayochanganywa kuliko yote: belligerent, pugnacious, truculent. La nne, bellicose, nitalipitia tu.

Belligerent ni bellum, "vita", na gerere, "kuendesha". Neno bellum lenyewe lilikuwa duellum katika Kilatini cha zamani, na ndipo duel ya watu wawili ilipopata umbo lake. Belligerent inaishi nyumba mbili. Kwenye sheria ya vita ni nomino isiyo na lawama: upande ulio vitani. Tarehe 13 Mei 1861 Uingereza ilipotoa tangazo la kutofungamana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iliwatambua waasi wa Kusini kuwa belligerent. Kwa Kusini hiyo ilikuwa hadhi waliyoitaka, na serikali ya Lincoln ilichukia kwa sababu hiyo hiyo. Nyumba ya pili ni ya mtaani: belligerent ni mtu ambaye kwa saa hiyo anatafuta wa kupigana naye. Ndiyo maana kwenye taarifa za polisi na wahudumu wa ndege neno hili huandamana na ulevi. Ni hali, si tabia. Kesho asubuhi mtu huyo huyo anaweza kuwa mpole.

Pugnacious ni tabia. Limetoka kwa pugnare, "kupigana", ambacho kimetoka kwa pugnus, "ngumi". Ndugu zake ni pugilist, bondia, na impugn, kuitilia shaka hoja ya mtu. Upande wa Kigiriki ngumi ni pygme, ambayo pia ilikuwa kipimo cha urefu kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole, na ndiyo iliyoleta pygmy. Kwa kuwa pugnacious inasimulia mtu alivyoumbika, inaweza kuwa nusu sifa: wakili pugnacious haogopi kesi ngumu. Mbwa aina ya pug hahusiki kabisa hapa, msishawishike.

Truculent ndilo linalokosewa zaidi. Kilatini trux ni "mkali wa kutisha, mwenye sura ya kikatili", na truculentus limetokana nalo. Plautus, mtunzi wa maigizo wa Kirumi, alikuwa na komedia yenye jina hilo, iliyoitwa hivyo kwa ajili ya mtumwa mmoja mkorofi. Karne ya 16 Kiingereza kililitumia kwa ukatili hasa. Leo limepungua makali: ni ujeuri wa kununa, wa mtu anayeulizwa swali akajibu kwa mkato, anayepewa amri akaitii kwa dharau au akakataa kwa kidevu kilichoinuliwa. Na lina mwelekeo: linatoka chini kwenda juu. Kijana kwa mzazi, mfungwa kwa askari, mfanyakazi kwa bosi. Bosi mwenyewe huitwa overbearing au bullying. Kwa Kiswahili "jeuri" ndilo linalokaribia. "Katili" linafaa pale tu matini ni ya karne ya 16 au 17.

Bellicose, "mwenye kushabikia vita": ni kwa hotuba, serikali, magazeti. Abiria mlevi haitwi bellicose isipokuwa mwandishi anamtania.

---

Mtafsiri_Huru

Asante. Sasa hostile. Nimesoma kwamba ni ndugu wa hospitality. Ni kweli, au ni zile hadithi za intaneti? Na tofauti yake na aggressive ni ipi kiutendaji?

---

Mzizi_wa_Neno

Ni kweli, na ushahidi wake ni wa zamani. Hostis katika Kilatini cha kawaida ni adui, lakini Cicero, mwandishi na mwanasiasa wa Kirumi, katika kitabu chake De Officiis anaeleza kwamba kwa wahenga wao neno hilo lilimaanisha mgeni, mtu wa nje, na anataja Sheria za Meza Kumi na Mbili, sheria za kale za Roma, kuwa ushahidi. Upande wa lugha za Kijerumani, ndugu wa hostis ni guest, na huko akabaki mgeni tu. Kutoka kwa mwenzake hospes, mwenyeji na mgeni kwa pamoja, tukapata hospital, hotel na host wa kukaribisha. Sasa angalieni mtego: host ya maana ya "jeshi, kundi kubwa", ile ya kwenye Biblia za Kiingereza, imetoka kwa hostis, host anayekukaribisha chakula ametoka kwa hospes. Yanaandikwa sawa, yanatamkwa sawa, njia mbili tofauti.

Kiutendaji: hostile ni msimamo, aggressive ni tendo. Wanasaikolojia wanatenganisha hivyo hivyo. Dodoso la Buss na Perry la mwaka 1992 lina vipengele 29 vilivyogawanywa mafungu manne: uchokozi wa mwili 9, uchokozi wa maneno 5, hasira 7, na hostility 8. Hilo fungu la mwisho linapima kinyongo na shuku, hisia kwamba wengine wanakuonea au wanakusema nyuma ya mgongo. Mtu anaweza kuwa na alama za juu za hostility na asimguse mtu maisha yake yote. Kinyume chake, bondia ulingoni ni aggressive bila kuwa hostile kwa mpinzani wake.

Kwa hiyo anger ni hisia, hostility ni mtazamo, aggression ni kitendo. Ukizitafsiri zote tatu "hasira" ripoti ya kitaalamu imekufa.

Kando kidogo: anger imetoka Kinorse cha Kale (lugha ya kale ya Skandinavia), angr, "huzuni, dhiki". Na hasira yetu imetoka Kiarabu, hasra, "majonzi, majuto". Lugha mbili zisizojuana zimepita njia ileile.

---

Bi_Semantiki

Hapo kwenye kugeuka maana ndipo penye utamu. Nitakaa zaidi kwenye bully.

Miaka ya 1530 bully lilikuwa neno la mahaba. Linahusishwa na Kiholanzi boel, "mpenzi", na lilitumika kwa mwanamume na mwanamke. Kwa Shakespeare bado ni neno zuri: katika A Midsummer Night's Dream wenzake mhusika Bottom wanamwita bully Bottom kwa mapenzi kabisa, na katika Henry V mhusika Pistol anasema anampenda mfalme, the lovely bully. Mwanafunzi akisoma pale akidhani mfalme anaitwa mwonevu, mstari mzima unapinduka.

Ngazi za kushuka zilikuwa hizi: mpenzi, kisha jamaa mzuri, kisha jamaa wa kujigamba, kisha mbabe anayetishia wanyonge, na hiyo ya mwisho imeshika mizizi kufikia mwisho wa karne ya 17. Lilitumika pia kwa mwanamume anayemlinda kahaba, na huenda hilo ndilo linaloeleza mpenzi alivyogeuka mtu wa vitisho. Maana nzuri haikufa yote. Wamarekani wa karne ya 19 walisema bully for you kwa "hongera", na Theodore Roosevelt akauita urais bully pulpit, jukwaa zuri la kuhutubia. Leo wasomaji wengi, hata wazawa wa Kiingereza, wanadhani ni jukwaa la kuonea watu. Na bully beef, nyama ya kopo, haipo kwenye ukoo huu. Ni Kifaransa bouilli, "iliyochemshwa".

Surly nayo ina safari. Liliandikwa sirly, kutoka sir, na maana yake ilikuwa "wa kibwana, mwenye kujiona bwana". Kutoka majivuno likateremka hadi kununa na kujibu vibaya. Siku hizi mhudumu anayekurushia chenji bila kukutazama ni surly, na hakuna ubwana wowote hapo.

Hector: shujaa wa Troy, mlinzi wa mji wake, mtu wa heshima katika Homer. Karne ya 17 vijana wakorofi wa London walijiita Hectors, wakapiga watu na kuvunja madirisha, na jina likageuka kitenzi: to hector ni kumkaripia mtu mfululizo ili umtishe. Maskini Hector.

Insolent, kwa Kilatini, ni in ya kukanusha na solere, "kuzoea". Ni mtu anayefanya yasiyozoeleka, akavuka mipaka. Obnoxious, leo "wa kuchukiza", ndilo lililopinduka zaidi: mwanzo lilimaanisha aliye wazi kudhuriwa au kuadhibiwa, kutoka noxa, "madhara". Ukisoma matini ya kisheria ya zamani ukakuta obnoxious to punishment, mtu huyo hachukizi, anastahili adhabu tu.

---

Jicho_Kavu

Nakubaliana. Hata outrage iko wazi: out na rage, hasira iliyotoka nje.

---

Kamusi_Hai

Hapana mkuu, huo ndio mtego unaonasa wengi. Outrage imekuja nzima kutoka Kifaransa cha Kale: outre, "kupita mpaka", kutoka Kilatini ultra, pamoja na kiishio -age, kama kilivyo kwenye courage. Maana ya kwanza ni kuvuka kiasi. Rage haimo ndani yake. Kilichotokea ni kwamba masikio ya Waingereza yaliisikia out na rage, na maana ikasogea kuelekea hasira.

Wakubwa pia wamenaswa. Samuel Johnson katika kamusi yake ya 1755 alieleza curmudgeon, mzee mchoyo mwenye hasira, kuwa ni matamshi mabaya ya Kifaransa coeur méchant, "moyo mbaya", na akaandika kwamba maelezo hayo yametoka kwa mtu asiyejulikana aliyemwandikia. John Ash akanakili kwenye kamusi yake ya 1775 bila kuelewa: akasema coeur maana yake ni "asiyejulikana" na méchant ni "mwandishi wa barua". Wanafilolojia wanacheka hadi leo.

Ukitaka kuhakiki asili ya neno fuata mpangilio huu. Tafuta kwanza matumizi ya zamani kabisa yaliyoandikwa, na usome sentensi nzima, usiishie kwenye tarehe. Kisha angalia tahajia zilizotangulia. Sirly isingejulikana bila hatua hii. Halafu tafuta njia: lilitoka moja kwa moja Kilatini, au lilipitia Kifaransa? Fierce, "mkali", ni mfano. Kilatini ferus ni "wa porini", Kifaransa cha Kale kikafanya fiers, na Kiingereza cha Kati kikalitumia pia kwa "jasiri" na "mwenye fahari". Kifaransa cha leo fier bado ni "mwenye kujivunia". Ukiruka Kifaransa hutaelewa fahari imetoka wapi. Mwisho kagua ndugu zake katika lugha nyingine kama sauti zinalingana kwa kanuni, si kwa kufanana tu.

Asili inayosema neno ni kifupisho cha herufi za mwanzo, kwa neno la kabla ya karne ya 20, itupeni bila kusoma zaidi.

---

Jicho_Kavu

Basi testy nayo msiniambie.

---

Kamusi_Hai

Testy, "mwepesi wa kukasirika", ni teste ya Kifaransa cha Kale, "kichwa". Mwenye kichwa kigumu. Uliyokuwa unafikiria sivyo.

---

Bi_Semantiki

😂 Na petulant haina uhusiano na pet. Ni petere, "kushambulia, kuomba, kuelekea", ukoo wa impetuous na compete. Maana ya leo ya kudeka kwa hasira inadhaniwa imevutwa na pettish.

Tusiache yanayobandikwa wanawake, maana mtafsiri asipoyajua atasifu pale palipo na kejeli. Virago limetoka vir, "mwanamume". Katika Biblia ya Kilatini ndilo jina Adamu analompa mwanamke kwa kuwa ametwaliwa katika mwanamume. Likaenda kwa mwanamke shujaa, likaishia kwa mwanamke mgomvi. Termagant kwanza lilikuwa jina la mungu wa kubuni ambaye Wakristo wa Zama za Kati waliwasingizia Waislamu kuwa wanamwabudu. Kwenye maigizo alikuwa wa kupiga makelele, na Hamlet anamtaja pamoja na Herode anapowaonya waigizaji wasizidishe. Baadaye likahamia kwa wanawake wenye kelele. Feisty leo inaonekana sifa, "mdogo lakini haogopi", ila ilikotoka ni fysting cur, kijibwa kinachonuka, na fysting hapo ni kujamba. Hutamsikia jenerali mwenye miraba minne akiitwa feisty. Ni kwa bibi mzee, msichana mfupi, timu ndogo. Dharau imo ndani, hata kama msemaji hana habari nayo.

---

Mzizi_wa_Neno

Nakazia hapo. Yale ya kuazimwa nitayapitia haraka.

Berserk, "mwenye hasira ya kichaa", ni Kinorse berserkr, mpiganaji wa aina hiyo. Serkr ni "shati". Mabishano ni juu ya ber, kama ni "dubu" au "uchi, bila kinga". Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland, aliwaeleza wapiganaji hao kuwa walipigana bila deraya, wataalamu wengi wa leo wako upande wa dubu. Walter Scott alichangia sana kuliingiza neno kwenye Kiingereza kupitia riwaya yake The Pirate ya 1822. Amok, kushambulia watu ovyo kwa kichaa, ni Kimalei, na Wareno waliandika habari zake tangu mapema karne ya 16. Thug ni Kihindi, thag, "tapeli, mlaghai". Lilisambaa kutokana na kampeni ya maofisa wa Kiingereza chini ya William Sleeman miaka ya 1830, na njiani ulaghai ukapotea, ikabaki mabavu.

Bulldoze linashangaza wengi. Kabla ya mashine ya kusukuma udongo lilikuwa neno la siasa: wakati wa uchaguzi wa 1876, huko Louisiana, bulldose ilikuwa "dozi ya kumtosha fahali", yaani viboko walivyopigwa wapiga kura Weusi ili wasipige kura au wapige walivyoamriwa. Kwa hiyo to bulldoze someone si taswira iliyotoka kwenye mashine. Mashine ndiyo iliyoazima.

---

Mtafsiri_Huru

Nina mawili ya ofisini: passive-aggressive na assertive. Wateja wanataka neno moja moja.

---

Mzizi_wa_Neno

Passive-aggressive ni la jeshini. Kanali William Menninger, daktari wa akili wa jeshi la Marekani, alilitumia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na likaingia kwenye waraka wa kitabibu wa jeshi hilo wa mwaka 1945, likiwaelezea askari wasiokataa amri waziwazi bali wanaonuna, wanaochelewesha, wanaofanya kazi ovyo kwa makusudi. Baadaye likaingia kwenye mwongozo wa kwanza wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM, mwaka 1952. "Uchokozi tulivu" halisomeki. Mimi huandika "ukaidi wa chinichini", na sentensi ya kwanza inayofuata nataja tendo lenyewe: kuchelewesha, kunyamaza, kusahau kwa makusudi. Matini ya kitabibu ikidai istilahi, iweke mara moja, ifafanue, uendelee nayo.

Assertive ni asserere. Kwa Warumi, kumtangaza mtu kuwa ni huru kulifanywa kwa kumshika kwa mkono mbele ya hakimu, na msemo ulikuwa asserere in libertatem. Kwa hiyo assertive ni anayedai haki bila kuvuka haki ya mwingine. "Mwenye msimamo" linatosha mara nyingi. Kwa mafunzo ya kazini "anayejieleza bila woga wala kufoka" ni refu lakini halipotoshi.

---

Mtafsiri_Huru

Moja la mwisho, lipo mezani sasa hivi: "The witness grew truculent, and counsel applied to treat him as hostile." Nilianza na "shahidi akawa mkali, wakili akaomba achukuliwe kama adui".

---

Kamusi_Hai

Yote mawili hayajakaa. Truculent hapa ni shahidi aliyeanza kujibu kwa jeuri. Ukali unamfanya aonekane anawatisha watu.

Hostile ni istilahi. Kwa utaratibu wa mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza, upande uliomwita shahidi hauruhusiwi kumhoji kwa maswali ya kumtega wala ya kumwongoza. Ikidhihirika kwamba hataki kusema kweli kwa upande huo, wakili anaomba ruhusa ya hakimu, na akikubaliwa anamhoji kana kwamba ni shahidi wa upande wa pili, pamoja na kumkumbusha maelezo aliyotoa awali. Shahidi wa namna hiyo anaweza kuwa mnyenyekevu, anasema "ndiyo mheshimiwa" kila sentensi, na bado akawa hostile. Na shahidi anayetoa tu ushahidi usioisaidia kesi, bila dalili ya kuficha kweli, si hostile.

Andika: "Shahidi akaanza kujibu kwa jeuri, ndipo wakili wa upande uliomwita akaomba ruhusa ya kumhoji kama shahidi aliyeugeuka upande wake." Hiyo "upande uliomwita" usiikate hata mhariri akilalamika urefu.